Majina Arobaini na Mawili

Mwanamke wa Bukavu hasahau kusalimu. Hata akija kugombana, atakuuliza kwanza umeamkaje, na mama yako je, na mvua ya jana ilipitaje kwenu, ndipo afungue ugomvi wake. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumanne, Maman Françoise alipoingia katika studio ndogo ya picha ya Elodie kule Nyawera akasimama katikati ya chumba bila neno, kitenge kimefungwa upande, Elodie alijua kabla hajaambiwa kwamba nyumba ya mama huyu imeingiliwa.

"Ikaa kwanza, maman."

"Sikai. Balimubeba Destin."

"Ba nani?"

"Na weye unauliza."

Ilikuwa Jumapili, jua halijatoka vizuri. Wanaume wanne wenye bunduki walibisha kwenye mlango wao kule juu Kadutu, wakataja jina la baba, jina la mama na jina la mtoto. Maman Françoise aliposikia majina yanatajwa barabara hivyo, alidhani ni watu wanaojuana nao, akafungua. Mmoja alikuwa na simu mkononi. Akaiinua karibu na uso wa Destin, akatazama simu, akatazama uso, akatazama simu tena, kama mtu anayelinganisha vipande viwili vya kitenge dukani. Ndani ya simu, Destin alikuwa anaruka ngazi sita na trotinete yake, ubao wa magurudumu mawili wenye usukani, anacheka.

"Yule wa simu alisema hivi," Maman Françoise alieleza. "'Kijana mwenye kuruka namna hii hawezi kukaa bure kwa mama yake.' Njo vile alisema. Banaenda naye na kandambili."

Kwenye kompyuta nyuma ya Elodie bibi harusi wa Jumamosi alikuwa bado anamtabasamia, nusu ya uso imesafishwa chunusi, nusu bado.

"Miye najiuliza kitu kimoja," mama yule aliendelea, taratibu, kama anayemtafutia mtu mwingine jibu. "Nyumba yetu haina namba. Ukiwa mugeni lazima uulize mara tano mbele ya kufika. Hawa balifika moja kwa moja. Nani alibaelekeza?"

Ingewezekana kusema sijui. Mji ule, miezi ile, kila mtu alikuwa anasema sijui, na hakuna aliyekuwa anashtakiwa kwa neno hilo.

"Ni miye, maman," Elodie alisema. "Ni mu video. Alisema mwenyewe kwabo ni wapi. Miye njo nilimuambia aseme."

Maman Françoise alikaa, mwishowe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye pazia la maua nyuma yake, wanapokaa watoto wa komunyo ya kwanza.

"Na bengine je?" aliuliza.

"Na bengine balisema."

"Bako bangapi?"

"Arobaini na mbili. Na Destin ndani."

Elodie Nabintu alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alisoma mawasiliano miaka mitatu katika chuo cha mjini, akatoka na diplome ambayo mama yake, Maman Christine, aliitia kwenye fremu na kuitundika juu ya meza ya chakula. Kazi ya diplome haikupatikana. Iliyopatikana ni ya kupiga picha za ndoa, za ubatizo na za matanga, na Elodie aliifanya vizuri, kwa sababu alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Hakuolewa. Watu waliomuuliza kuhusu hilo aliwajibu kwamba ameshahudhuria ndoa nyingi mno.

Miaka minne nyuma, Jumapili moja baada ya misa, alikuwa amesimama nje ya parokia kule Muhumba akingoja familia ya ubatizo. Kwenye uwanja wa basket aliona vijana wanne na trotinete moja. Ilikuwa trotinete ya mtoto wa Ulaya, ya zile zinazosukumwa kwa mguu mmoja, iliyokuja ndani ya mitumba pamoja na sufuria na viatu vya barafu. Fundi wa pikipiki wa mtaa wa Essence, Guylain, alikuwa ameikata shingo na kuirefusha kwa bomba la maji, akaitia rulma, yaani beringi, za pikipiki kwenye magurudumu. Vijana walikuwa wanapokezana. Kule Goma wana chukudu zao za mbao za kubebea viazi, lakini Goma ni tambarare. Watu wa Bukavu husema chukudu ikija kwetu itakupeleka ziwani bila kukuuliza. Hawa wanne walikuwa wameamua kwamba kama mlima haukupi pa kwenda, basi uruke papo hapo ulipo.

Guylain alipanda, akasukuma mara mbili, akaruka, na ubao ukazunguka chini ya miguu yake duara zima kabla hajaukanyaga tena. Elodie hakuwahi kuona kitu kama hicho. Aliuliza kinaitwaje.

"Kukoroga," Guylain alimjibu. "Kama ugali wa fufu. Ukiacha katikati inashika buvimbe."

Alimpiga video ya sekunde kumi na mbili, akaiweka kwenye mtandao, akasahau. Baada ya siku tatu ilikuwa imefika miji ya mbali, Kindu na Kalemie.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wanne wakawa tisa, tisa wakawa ishirini, na ndani yao wasichana sita, akiwemo Joviale, ambaye alikuwa anaruka na sketi ya shule juu ya suruali ili baba yake asimkute na kosa. Kila Jumapili saa nane walifagia uwanja kwanza, kwa sababu jiwe dogo kama punje ya mahindi linatosha kumvunja mtu meno. Aliyevunjika mkono, wote walimfuata hospitali na chungwa moja moja. Guylain alitengeneza trotinete kwa vyuma vya vitanda. Elodie alisimama pembeni na simu yake, anahesabu, "Moja, mbili, twende," na sauti yake ilikuwa mwanzoni mwa kila video, lakini uso wake haumo hata katika moja.

Tatizo lilikuwa jina. Wamama waliotoka misa waliwapita wameshika mikoba kwa nguvu. "Maibobo hawa," walisema, na si kwa kunong'ona. Maibobo ni mtoto wa barabarani, asiye na kwao, anayeweza kupotea bila mtu kumuulizia. Padri alikuwa karibu kuwafukuza. Chini ya video watu waliandika neno lilelile, wengine wakiongeza kicheko.

Elodie alifikiri wiki nzima. Jumapili iliyofuata akaweka sheria. Kabla ya kuruka, kila mmoja atasimama mbele ya simu, atavua kofia, atasema jina lake, jina la baba, jina la mama, na avenue, yaani barabara, ya kwao. Bila hivyo hapigwi video.

"Hii ni michezo ao ni mukutano wa mahari?" Guylain aliuliza, na wote wakaanguka kwa kicheko.

"Ni ya kuonyesha muko na kwenu," Elodie alisema. "Mutu akiisha kujua mama yako anaitwa nani, hawezi tena kukuita maibobo."

Ikawa kweli. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba ilikuwa kweli. Wazazi walianza kuja. Maman Françoise alikuja na kitenge cha sikukuu, akasikiliza jina lake likitoka ndani ya simu kwa sauti ya mwanawe, akaagiza irudishwe mara tatu. Papa mmoja alilalamika kwamba mtoto wake ametaja avenue ya zamani, akataka video irudiwe. Padri aliwapa uwanja rasmi. Na Elodie akawa mkali. Kijana aliyetaja jina bila avenue alimrudisha nyuma. "Rudilia. Batu habajakujua bado."

Mwaka huu mwezi wa pili mji ukabadilisha mikono, jeshi likaondoka na waasi wakaingia. Watu wakaficha sare, kadi za kazi, picha za ndoa zenye mjomba askari. Wakachimba mashimo nyuma ya nyumba. Benki zikafungwa. Wengine wakavuka ziwa, wengine wakavuka mpaka. Hakuna aliyefikiri kuficha mchezo.

Jumanne ileile, Maman Françoise alipoondoka, Elodie alimpigia Guylain. Alifika na mikono yenye mafuta, akaketi chini kwa sababu aliogopa kuchafua kiti. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Video zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na zilifutwa moja moja. Kila moja iliuliza kwa Kifaransa kama una hakika, na kila mara Elodie alijibu ndiyo.

"Ile ya Joviale ukiifuta atakuua," Guylain alisema. "Ilimushika miezi tatu kuipata."

"Aniue."

"Anza na yangu, basi. Ile nilianguka mu mufereji. Ile hata bure uifute, ni aibu."

Elodie aliifuta. Guylain alicheka peke yake, halafu akaacha.

"Ya Elodie," alisema, akimwita dada mkubwa. "Tukiisha kufuta yote, tunabaki nini?"

"Munabaki bazima."

"Hapana, nauliza vile tutabaki nani. Kuko batu bananijua juu ya hii tu. Mu Essence naitwa fundi. Mu hii naitwa Guylain."

Elodie aliendelea kufuta. Saa sita mtandao ulikatika, ukarudi saa kumi, ukakatika tena. Jumatano asubuhi walibakiza moja tu, ya Destin kwenye ngazi sita, kwa sababu Maman Françoise alikuwa amerudi na sasa alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii alisalimu.

"Nilisikia muko munafuta," alisema. "Ile ya mutoto wangu mubakishe."

"Maman, haiwezekane."

"Juu ya nini haiwezekane? Yeye balishamubeba. Nyumba balishaijua. Ile video itamufanya tena nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Elodie alimwonyesha jibu badala ya kulisema. Aliiwasha. Nyuma ya Destin, wakingoja zamu yao, walikuwepo vijana wanne, na mmoja baada ya mwingine Destin aliwataja kwa mzaha, majina na kwao, kama mtangazaji wa mpira. Guylain alikuwa wa tatu.

Maman Françoise alimtazama Guylain aliyekuwa ameketi sakafuni, halafu simu, halafu Guylain.

"Ukate kipande. Ubakishe yeye tu."

"Nikikiweka mu simu yangu, bakinisimamisha ku barrière, pale njiani banapekuaka simu, banaiona. Na yako haiwezi kushika video, maman. Ni ya kitochi."

"Nilikuwa nataka sauti tu," alisema mama yule. "Sura yake niko nayo. Inafanana na ya mukubwa wake. Sauti njo hakuna mwengine mwenye iko nayo."

Elodie aliirudisha mwanzo na kumpa simu mkononi. Alisikiliza mara sita. Mara ya sita aliiweka sikioni badala ya kuitazama, kama anayepokea simu, na midomo yake ilikuwa inasogea. Kisha akairudisha. Elodie aliifuta mbele yake. Baadaye alimpa picha aliyokuwa ameichapa kutoka humo, Destin akiwa hewani, mikono imefunguka. Maman Françoise aliitazama kwa muda.

"Uso haionekane," alisema, akaikunja kwenye kitenge, akaenda.

Alhamisi Guylain alirudi mbio, hakuketi.

"Angalia hii."

Ulikuwa ukurasa wa mtu aliyejiita Tonton Déo, Déogratias fulani, mtoto wa Kadutu aliyekaa Ulaya zaidi ya miaka ishirini. Kwa mapenzi tu, bila kumwomba mtu, alikuwa amechukua video zao zote na kuziunganisha kuwa moja ya dakika arobaini, na muziki chini yake. Aliipa kichwa cha kusifu vijana wa nyumbani. Kazi ilifanywa kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa amewapanga kwa mitaa, Kadutu kwanza, kisha Panzi, kisha Nguba, na chini ya kila uso ameandika kwa herufi nyeupe yale ambayo kijana alikuwa anasema, ili hata asiyesikia vizuri asome. Watu walioiona walikuwa wengi kuliko wote waliowahi kutazama ukurasa wa Elodie.

"Ni registre," Guylain alisema. "Kile kitabu ya majina, kama ya commune."

Elodie alimwandikia, kwa Kifaransa kizuri cha chuo, akieleza. Jibu lilikuja jioni, kwa sauti. Lilikuwa la mzee mpole, mwenye Kiswahili cha Bukavu ya zamani.

"Ma fille, binti yangu, nilisikia maneno yako, na inaniuma sana. Lakini uniskilize. Kila siku kuko batu bananiandikia, futa hii, futa ile, ni yangu. Ni bivyo bivi, wivu tu. Wewe unasema video ni zako. Ukurasa wenye unanitajia natafuta, siuoni, haupo. Unionyeshe basi kitu kimoja. Mimi siwezi kufuta kazi ya batoto betu juu ya mutu nisiyemujua."

Elodie aliisikiliza mara mbili. Ushahidi wote kwamba kazi ni yake alikuwa ameufuta kwa kidole chake, mara mia mbili na kumi na mbili, akijibu ndiyo kila mara.

Alimtumia sauti yake akihesabu, moja, mbili, twende. Sauti ni ileile, alimwambia, sikiliza mwanzo wa kila video. Tonton Déo alichelewa kujibu. Halafu akasema kwamba amesikiliza, na inafanana, kweli inafanana, lakini siku hizi mashine zinaiga sauti ya mtu yeyote, jirani yake aliibiwa hivyo. Awe na uvumilivu kidogo. Ataulizia watu.

Wakati akiulizia, wao wawili waliingia njiani. Waligawana mitaa, Guylain akichukua Kadutu na Bagira, Elodie akichukua Nguba na Panzi. Hawakupiga simu, kwa sababu simu zilikuwa zinasikilizwa. Walikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwaambia wazazi watoto walale kwingine. Elodie hakuhitaji karatasi. Miaka minne ya "rudilia" ilikuwa imemweka kila avenue kichwani, na alikuwa anasikia kila kijana akiisema kwa sauti yake alipokuwa anapanda ngazi za udongo kuelekea kwao. Wazazi wengine walimshukuru. Mama mmoja alifunga mlango kabla hajamaliza sentensi, akamwambia kupitia dirisha, "Uende na wema wako." Baba wa Joviale alimpa kiti, akamletea maji, akamwambia kwamba binti yake amekwenda kwa shangazi huko Minova tangu mwezi uliopita, na kwamba yeye alikuwa anajua kuhusu suruali chini ya sketi tangu siku ya kwanza.

"Nilikuwa nanyamaza," alisema. "Aliruka vizuri, ao hapana?"

"Aliruka vizuri, papa."

Ijumaa saa nne alifika Panzi, kwa kina Gentil, mmoja wa vijana wa trotinete. Nje kulikuwa na viti vya kuazima na watu wamekaa kimya bila msiba wa kuzika. Wenye bunduki walikuwa wamekuja alfajiri hiyohiyo. Walitaja jina la baba, la mama na la mtoto, wakaondoka naye. Gentil alikuwa na miaka kumi na saba. Shangazi yake alimwuliza Elodie kama yeye ni mwalimu wake, na Elodie alisema ndiyo, kwa kuwa hakuona neno jingine.

Alirudi Muhumba kwa miguu, hakupanda pikipiki. Guylain alimkuta ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yao, simu iko gotini.

"Gentil," Elodie alisema.

"Nilisikia."

"Utanipiga video."

"Nani? Weye?"

"Yule Tonton anataka kumujua mutu. Basi anijue."

Guylain alielewa, akasimama. "Tuma picha ya diplome. Tuma carte ya électeur, ile ya kura. Uso hapana, Ya Elodie. Na jina hapana."

"Karatasi anaweza kusema niliiba. Mashine inaiga sauti. Bado kitu kimoja tu, niseme vile benyewe balisemaka, uso na sauti pamoja. Hapo ataamini. Amebasikia mara nyingi, anajua vile inasemwaka."

"Na ikipotea njiani?"

"Inaenda kwake peke yake. Ni message."

"Na siye wote tulisemaka video ni ya mchezo wa Jumapili peke yake," Guylain alisema.

Alikuwa sahihi, na Elodie alijua, lakini majina arobaini yalikuwa bado yanatembea kwenye ile video ya dakika arobaini, na kila saa kulikuwa na mtu mahali fulani anayeitazama. Alivaa blauzi safi. Alisimama mbele ya ukuta, akavua kitambaa kichwani kama alivyokuwa akiwavulisha wao kofia. Hakuwa amesimama mbele ya kamera tangu picha ya diplome. Mikono hakujua pa kuiweka. Guylain aliinua simu, akahesabu kama alivyokuwa akihesabu Elodie, moja, mbili, twende.

Alisema jina lake. Alisema jina la baba yake, mwalimu, marehemu, na la mama yake. Alisema avenue. Kisha akasema, ni miye niliwapiga hawa vijana wote, niliwaomba waseme kwao ili wasitukanwe, na sasa nakuomba, papa, uwafute, kwa sababu jana walikuwa arobaini na mmoja na leo wako arobaini.

Kiduara cha kutuma kilizunguka dakika kumi na moja.

Jumamosi asubuhi Guylain alipiga simu, kitu walichokuwa wamekatazana. "Haiko tena," alisema. "Dakika arobaini, hakuna. Nilitafuta kila mahali, hakuna. Alifuta." Alikuwa analia au anacheka, mtandao haukuruhusu kujua.

Elodie aliketi kitandani. Alijaribu kuhisi furaha na akapata usingizi tu, ule wa mtu aliyebeba mzigo hadi mahali pake. Aliwataja wote kimoyomoyo, mtaa kwa mtaa. Arobaini hawakuwa tena popote mtandaoni. Destin na Gentil walikuwa mahali asipopajua. Yeye na Guylain wangemalizia nyumba tisa zilizobaki. Hapo ndipo alipoona kwamba Tonton Déo alikuwa amemtumia sauti usiku.

"Ma fille, nililia. Mbele ya bibi yangu na batoto bangu nililia. Nimefuta yote, yote kabisa, nisamehe. Lakini ushujaa kama huu dunia lazima iuone. Batu ba huku habajue mateso ya nyumbani. Nimekuweka wewe. Wewe njo utasema juu yabo."

Alifungua ukurasa. Pale palipokuwa na dakika arobaini palikuwa na dakika moja na sekunde nne. Blauzi safi, ukuta, mikono isiyojua pa kwenda. Chini, kwa herufi nyeupe zilezile nzuri, jina lake, jina la baba, jina la mama, avenue. Watu elfu kumi na moja walikuwa wameshaiona.

Alipiga namba ya Tonton Déo. Ilikuwa imezimwa. Alikuwa amesema katika sauti mojawapo kwamba anafanya kazi ya zamu na hulala hadi jioni. Elodie alimwandikia neno moja kwa Kifaransa, futa, akalituma, akalituma tena. Halafu akaanza kusoma waliyoandika watu. Wengi walikuwa wanamwombea. Mtu mmoja aliuliza ni avenue ipi hasa, maana Muhumba ziko mbili zenye jina linalofanana. Jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mwema ambaye Elodie alimpigia picha za ubatizo wa mtoto bila malipo, alikuwa amemjibu kwa fahari: huyu ni wa kwetu, binti wa Maman Christine, ukitoka barabara kubwa ushuke na ngazi za mawe, mlango wa bluu, hauwezi kupotea.

Mama yake alikuwa uani anatandaza sambaza juani, samaki wadogo wa ziwa, mmoja mmoja, vichwa upande mmoja kama alivyopenda.

"Mama, vaa viatu vya kufunga."

"Tunaenda wapi?"

"Nyangezi. Kwa tantine."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

Maman Christine alimtazama binti yake, akatazama sambaza. Alikuwa ametandaza nusu ya beseni. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani, akatoka na viatu vyake vya misa, akaketi kwenye kigoda. Vidole vyake vya baridi yabisi havikuweza kufunga kamba. Elodie alizima simu, akapiga magoti mbele yake, akaanza na kiatu cha kushoto.